Ulisema Bado, Nikasema Panda

Mdogo wangu Kakule,

Jana mke wangu aliinua godoro lako alianike juani, akakuta lile daftari la jalada la bluu, kaye yako, ulilokuwa ukiliandika kila ulipocheza poka kwenye simu. Nimelisoma lote, nimekaa kwenye ukuta wa mawe mbele ya nyumba yetu hapa Katoyi, pale tulipozoea kukaa Jumapili baada ya misa. Nakuandikia barua ya kusomwa na kila mtu kwa sababu yale niliyokuambia siku ile niliyasema mbele za watu.

Unakumbuka ulivyoanza? Meza ya dola moja! Nilikucheka mpaka nikashika mbavu. Mwanaume mzima anamaliza mega za simu kwa ajili ya dola moja. Hukukasirika. Ulinieleza taratibu, kama mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba karata zinaweza kumkataa hata mchezaji hodari wiki nzima, kwa hiyo mtu hapandi meza ya juu mpaka awe na pesa ya kuingia humo mara arobaini.

"Na kama inapunguka, unashuka," ukasema. "Unashuka tu, yaya. Hakuna haya."

Yaya, ndivyo ulivyoniita siku zote, kama wadogo wote wa kwetu wanavyowaita wakubwa wao. Nililipenda jina hilo kupita kiasi, sasa naona.

Ulipanda meza mbili tu, ya dola mbili, kisha ya tano. Ukashuka mara moja, ukapanda tena baadaye, na siku ya kushuka ulirudi na mandazi ya mama huku ukipiga mluzi. Nilidhani umechanganyikiwa. Kumbe ulikuwa mtulivu kuliko mimi niliyekwenda ofisini, mtaa wa Himbi, kila asubuhi na shati lililopigwa pasi na kichwa kinachochemka. Polepole ulifikisha pesa ya minervali, ile ada ya shule, ya mwaka wako wa mwisho wa masomo ya umeme. Mama alikuwa ameanza kukuita injinia.

Mimi nilikuwa na shida yangu. Unajua kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na mimi nilibakiza wanne. Baba mkwe alikuwa ameanza kunisalimia kwa sauti ya mtu anayeuliza kitu kingine. Jumamosi ile ulikuja ukanikuta uani na rafiki zangu, ukanivuta pembeni.

"Yaya, bebaka ile ya minervali. Miye nitasoma mwaka wenye kuja."

Ningeichukua, Kakule! Ningesema asante, nikanunua mbuzi, nikakulipa kidogo kidogo. Lakini mkubwa apokee pesa ya masomo ya mdogo wake, watu waseme nini? Nikaona aibu. Na mtu aliyeona aibu kuchukua pesa yako hakuona aibu kukuamuru uichezee. Nikarudi nawe katikati ya wenzangu, nikapaza sauti:

"Ingia mu ile meza ya dola makumi mbili. Leo leo."

"Yaya, bado. Haiyafika. Ikifika nitakuambia."

"Benzako banajenga manyumba, weye unaandikaka mu kaye! Miye njo nimesema."

Wakacheka. Ulinitazama kidogo, ukasema, "Sawa, yaya."

Ulikuwa na pesa ya kuingia meza hiyo mara kumi na moja. Ulihitaji arobaini. Nakumbuka jua lilikuwa bado kali, simu yako imeunganishwa kwenye betri ya jirani, na mimi nimesimama nyuma ya bega lako kama msimamizi wa mtihani. Pesa ilipobaki nusu uligeuka ukaniuliza, "Yaya, nishuke?"

Nilisema, "Bakia."

Saa kumi na moja jioni hapakuwa na kitu. Hukucheza vibaya. Nimejifunza mchezo huu baadaye, kwa kuchelewa, na nimeona uliyoyaandika: karata zilikukataa tu, kama ulivyosema zinaweza kukataa. Kwenye meza yako ya dola tano ungepita siku ile ukipiga mluzi. Wewe ulijua wakati wako. Mimi nilijua umri wangu tu.

Hukunilaumu. Ulikwenda Rutshuru kupakia maharagwe kwenye malori, kisha ukavuka mpaka kwenda Uganda. Mbuzi wangu nilikuja kuwatoa mmoja mmoja, zaidi ya mwaka, na hakuna aliyenifukuza. Kumbe nilikuwa na muda wote huo. Kila nikiwatazama mke wangu na nyumba hii nakumbuka ni nani hakumaliza shule, na nasikia uchungu ambao nimeshindwa kumwambia mama uso kwa uso.

Katika daftari lako, kila ulipobadilisha meza uliandika sababu. "Nimefika arobaini, sina haraka." "Ninashuka, zimepunguka." Halafu ukurasa wa mwisho, tarehe ya Jumamosi ile, meza ya dola makumi mbili. Sababu: "Yaya amesema."

Basi.

Mama anasema ukipiga simu unatusalimia wote, nami kwa jina. Anataka nikuambie urudi, minervali nimeshaiweka pembeni. Imewekwa kweli, ni yako, hata ukiitaka huko huko. Lakini sitakuambia urudi. Nakufahamu. Utasema "Sawa, yaya," na utapanda gari kabla hujawa tayari.

Nisamehe, mdogo wangu. Godoro lako limeanikwa na kutandikwa tena, daftari nimelirudisha chini yake. Kama haiyafika, haiyafika. Ikifika, wewe ndiye utaniambia.

Yaya yako,
Katoyi, Goma