Kikosi cha Mwamba wa Manga

Jumatatu, 5 Agosti 1974

Asubuhi laini zote za simu moto. Wenye maduka wa Kisii wanataka Kisumu kwa wakati mmoja, na kila mmoja anadhani nyaya ni za babake. Nimechomeka na kuchomoa mpaka vidole vinauma. Saa nane pakatulia. Nikaunganisha Ogembo, Nyamira na Homa Bay kwa pamoja, tukarudi kwenye safari yetu ya kubuni.

Tuliishia chini ya mwamba wa Manga. Jitu limeiba ng'ombe wa kijiji chetu na kuwaficha pangoni juu. Mimi ndiye Jemadari. Onsongo, opereta wa Ogembo, ni Mbeba Mizigo. Kwa sauti nzito kama ile hakuna aliyebisha. Makori wa Nyamira ni Mpishi. Akinyi wa Homa Bay ni Mganga, na dawa zake zote anazitoa kwenye samaki. Leo tumepanda kwa kamba. Nasema, "Tia mguu!" Wanajibu, "Tumetia!" Nasema, "Vuta!" na wote watatu wanaguna kama wanapanda kweli. Halafu akaingia mteja wa Kericho. Nikawaacha wananing'inia.

Mwaka mzima tunacheza hivi. Sijawahi kumwona hata mmoja wao.

Jumatano, 7 Agosti

Wasichana wa vyumba vya jirani wameitana kwenda kunywa chai. Mimi hawakuniita. Wanasema naringa. Siringi. Mtu akinitazama usoni maneno hunikauka, basi. Nikikaa kwenye swichibodi nakuwa Jemadari.

Mama alipita kutoka sokoni Nyakoe. Akaniuliza kama nimepata marafiki mjini. Nikawataja. Akaanza: wa ukoo gani, baba zao nani, wamezaliwa wangapi. Nikajibu yote, hata ya Akinyi, ambaye kwao ni ziwani. Akauliza wanafananaje. Hapo nikakwama. Mama akaniangalia kama mtu mwenye homa.

Ijumaa, 9 Agosti

Siku mbaya. Msimamizi alikuwa amesimama nyuma yangu, na mimi napaza sauti kwamba jitu limetoa kichwa pangoni. Hakufoka. Afadhali angefoka. Alicheka.

"Moraa, hao si marafiki. Hao ni sauti tu."

Halafu akasema tarehe ishirini na nne kuna michezo ya wafanyakazi hapa Kisii. Kuvuta kamba, watu watatu na kiongozi mmoja. Kama hao marafiki wako wapo kweli, walete. Tukishinda, yeye hatasikia kitu tena saa nane. Tukishindwa, mchezo umekwisha na mimi nahamia dirisha la stempu hapa posta.

Dirisha la stempu! Kutazamwa usoni kutwa nzima. Nimekasirika sana. Nikamwambia watakuja. Sijui nani alisema kwa mdomo wangu.

Jumanne, 13 Agosti

Nimewaambia. Akinyi alicheka mpaka laini ikakwaruza. Makori akasema atakuja na ndizi za kuchemsha za kutosha kikosi kizima.   Onsongo akasema, "Nitakuja, Jemadari. Lakini usitarajie mambo makubwa."

Mbona aseme hivyo? Yeye ndiye tegemeo letu.

Alhamisi, 22 Agosti

Mvua kila alasiri, na leo ya mawe. Tutavutana na mafundi wa nguzo. Wanaume wanaobeba nguzo za simu begani, halafu wanazipanda. Wanapita ofisini wakiniuliza kama jitu langu litakuja pia.

Niandike ukweli. Kushindwa kunanitisha, lakini si sana. Kinachonitisha ni watatu wale kuniona. Watamtafuta Jemadari, watamkuta msichana anayetazama viatu vyake. Nikiwapoteza hao sina mwingine.

Jumamosi, 24 Agosti

 Niandike kwa utaratibu.

Nilifika uwanjani mapema. Watu wengi, sura nyingi, hakuna ninayemjua. Nikaona jibaba refu, mabega kama mlango. Nikajikaza, nikamsalimia, "Onsongo!" Alikuwa fundi. Wakaangua kicheko. Nikageuka, nikawapa mgongo, machozi karibu. Ndipo nikasikia nyuma yangu sauti ile nzito: "Jemadari, mimi niko huku." Nikaifahamu kabla sijageuka. Onsongo ananifika begani! Mwili wote umekwenda kwenye sauti. Makori ni mzee mwembamba, na sufuria ya ndizi kweli mkononi. Akinyi ndiye mkubwa wa mwili. Alinikumbatia mpaka pumzi ikanitoka. "Kumbe wewe ni mtoto hivi!" akasema. Nikatazama viatu vyangu. 

Mvuto wa kwanza nilisimama mbele yao kama viongozi wengine. Wote watatu wakawa wananitazama, wanasubiri. Sauti ikakauka. Tukaburutwa kwenye matope. Msimamizi akapiga makofi polepole.

Akinyi akapangusa tope usoni. "Jemadari hayuko hapa," akasema. "Yuko wapi?"

Nikafikiri. Sisi hatujawahi kutazamana. Tumekosea kusimama tu. Nikaenda nyuma yao, nikageuka nikatazama miti. Nikawaambia wavue viatu na wafumbe macho. "Tuko mwambani," nikasema. Ikatoka sauti yangu ya saa nane.

"Tia mguu!"

"Tumetia!"

"Vuta!"

Wakaguna pamoja. Pamoja kabisa! Mafundi walikuwa na nguvu, lakini kila mmoja na yake, na buti zao zinateleza. Sikuona kitu. Nilisikia tu pumzi tatu ninazozijua, na kelele za watu zikipanda. Tumewavuta. Mvuto wa tatu tumewavuta tena, mpaka yule jibaba akaketi kwenye tope.

Tumeshinda! Nimepiga yowe mbele ya mji mzima, na watu walinitazama, na sikujali hata kidogo. Onsongo amebebwa juu. Wasichana wa jirani walikuwepo, wanakula ndizi za Makori. Msimamizi naye alikula. "Sijasikia kitu," akaniambia.

Jumapili, 25 Agosti

Nimekwenda nyumbani. Nikamwambia mama wanafananaje, mmoja mmoja. Akacheka sana kwa Onsongo. Anataka waje Desemba.

Jumatatu, 26 Agosti

Mvua nyepesi. Laini za asubuhi kama kawaida. Msimamizi ameenda kula, amefunga mlango mwenyewe.

Saa nane nikaunganisha wote.  Nilikuwa na haya kidogo, nao pia, naona. Kisha Onsongo akakohoa.

"Jemadari, sisi bado tunaning'inia huku."

Nikafumba macho. Nikawaona wote watatu, kila mmoja na sura yake.

"Tia mguu," nikasema.