Kuingiza Papa mu Ndoa ya Bijou

Jumatano, 3 juillet 2024

Papa amekataa tena simu ya Bijou. Nilimuwekea ku sikio, akageuza kichwa. "Mwambie niko nalala." Na Bijou anasikia yote!

Tangu mudogo yangu aolewe kule Kalehe, hawajaongea. Siku ile Papa alikuwa mu lopitalo hapa Bukavu, macho yamezimika kabisa, haoni tena, na mimi nilibaki naye. Wageni walikuwa wamekwisha fika — ndoa haikungoja. Tonton Willy, mudogo yake Papa, aliporudi akamwambia: "Usihuzunike, yaya, mukubwa yangu. Mutoto nilimuingiza miye mu kanisa." Alitaka kumutuliza. Kumbe alimuchoma.

Leo nimeweka video ya ndoa ku télé. Papa alisikiliza kidogo, akasema yote inatoka pahali pamoja, ni kama yeye iko inje, anasikilizia ku dirisha.

Na kazi yangu ni montage, kuunganisha video na sauti! Haya gani.

Ijumaa, 5 juillet

Nimepata wazo. Niko na video tatu. Ya cameraman, mbele ku altare. Ya binamu yetu Agathe, kushoto kati ya wamama. Na ya Luc, shemeji ya Bijou, ku mulango. Natoa sauti mu kila video, naipeleka ku baffle yake, spika ya home cinéma: cameraman mbele, Agathe kushoto, Luc nyuma. Ngoma mu caisson, ile baffle kubwa ya chini. Kuume hakuna mutu alifilmer — naweka mwangwi kidogo tu. Papa anakaa katikati. Njo kama iko ndani ya kanisa!

Video hazikuanza pamoja. Nimezipanga na vigelegele: pale vinapolia mu zote tatu, zinalingana.

Kisha courant ya umeme ikakatika. Mungu wangu.

Jumamosi, 6 juillet

Courant imerudi asubui. Kujaribu — yote inatoka mbele! Nilikuwa nimeifanya stereo, njia mbili tu, na home cinéma yetu inataka fichier ya njia sita. Nikabadilisha upya. Sasa wamama wanaimba kushoto, padri anakohoa mbele. Nimecheka peke yangu.

Halafu nikasikiliza ya Luc yenyewe, mwanzo kabisa. Bijou. Analia! Tonton Willy anamupa mukono, anamubembeleza, watu wanangoja. Bijou anakataa.

"Hapana, tonton. Hapa ni pahali pa Papa. Pabakie wazi."

Kisha viatu vyake juu ya ciment. Viatu vyake tu.

Aliingia peke yake! Ku video ya cameraman Bijou iko tayari ku altare, kuingia kwake hakuonekani. Nikamupigia: sababu gani haukusema? Akasema angemupatisha tonton haya mbele ya ndugu yake. Na tena, amwambie Papa namna gani, hapokei.

Niikate? Tonton Willy ni mutu muzuri sana. Nimekaa mbele ya ordinateur, chai imepoa.

Sikati.

Jumapili, 7 juillet

Nimemwambia tonton Willy kwanza, misa ilipoisha. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu: "Acha asikie. Nilitaka tu yaya alale vizuri."

Sasa Papa iko mu kiti katikati ya salon, na shati yake ya misa. Naandika hapa kando ya ordinateur. Nimefungua video. Kengele — akainua kichwa. "Wamama wako huku!" Ananyoosha kidole kushoto. Anacheka! Tangu lini sijamuona anacheka.

Sasa mulango, nyuma yake: "Hapa ni pahali pa Papa." Bijou.

Papa hageuki. Mikono juu ya magoti.

Viatu. Nilivisukuma polepole toka nyuma, vipite ku kuume yake, mpaka mbele. Vinapopita, Papa anainua kiwiko kidogo, kama mutu anayetoa mukono ashikwe.

"Simamisha."

Nimesimamisha.

"Leta simu."

Nimepiga, nimemupa. Anaishika na mikono miwili. Inalia kule Kalehe. Inalia tena.

"Papa?" Hata mimi nasikia. "Papa, ni weye?"

Amefungua kinywa. "Ni miye, Bijou. Shika mukono."