Mbegu Fupi Katika Bonde la Mama

Jumatatu, 17 Februari
Chai, muhogo, kisha mbegu za mpunga tena. Nimezipanga dirishani kwenye visahani. Supa inanukia. Nyekundu ya jirani haivunjiki kinuni. Fupi ya bwana shamba haina sifa ila moja: inawiva kabla ya zote. Nazipapasa kama vitambaa. Mke wangu Asha anasema nimezitazama mpaka zimeona haya. Fundi cherehani maisha yangu yote, mpunga sijapanda hata punje.

Alhamisi, 20 Februari
Dada Time kaja. Tangu mama afariki ndiye anayelima bonde letu. Mwaka huu kanikatia kipande nijaribu. Masharti kayatoa amesimama. "Ukipatia, bonde lako. Ukiharibu nalitwaa mie, na weye urudi kwenye charahani yako." Nimekasirika. Nalitaka bonde lile kuliko nilivyodhani.

Jumamosi, 22 Februari
Nimechagua fupi. Nitavuna wenzangu wakitazama majani. Dada kashauri nipande Supa kama wenzetu wote bondeni. Kashauri mara moja tu, tena kwa upole. Ningeogopa ningekuwa na akili.

Jumapili, 6 Aprili
Nimepanda. Mgongo sina.

Jumanne, 10 Juni
Wangu umetoa masuke! Wa wengine majani matupu. Nimepita kwenye tuta polepole ili nionekane. Na kanzu. Bondeni, na kanzu. Raha tupu.

Jumatano, 25 Juni
Ndege. Ndege wa kijiji chote cha Makangale. Hakuna suke jingine lililokomaa, kwa hivyo karamu ni kwangu. Leo ndiyo nafahamu kwa nini watu hupanda mbegu moja: ndege hugawanyika, kila mtu akapoteza kidogo. Hakuna aliyenambia. Hakuna aliyedhani mtu mzima halijui.

Jumamosi, 28 Juni
Juu ya dungu tangu alfajiri. Vijiti vinne na ubao, nami juu yake nagonga debe na kurusha madongo. Sauti imekwisha. Nimefunga vipande vya vitambaa kwenye kamba, rangi zote, bonde likawa kama nyumba ya harusi. Ndege wametua juu ya kamba. Asha kaniletea uji, kacheka mpaka kakaa chini. Nimetokwa na machozi. Vumbi, nikamwambia. Mvua ilikuwa inanyesha.

Jumapili, 13 Julai
Nimevuna. Pakacha halikujaa. Bonde limekwenda. Nina huzuni na nimemchukia bwana shamba, maskini, hana kosa.

Jumatatu, 21 Julai
Dada kaja na wanawake wa bondeni. Nikajua wamekuja kushuhudia. Wamekunywa chai, wameisifu, hakuna aliyeanza. Mwisho dada kasema. Mpunga wao umewiva na ndege hawakuushughulikia. Wamezowea kwangu, mpaka leo wanachakura mabua yangu. Wao wenyewe hawajapata kuvuna kwa raha namna hii.
"Bonde lako, Khamis. Ila mbegu yako hino, na mwakani uipande."
"Tafadhali," wakaitikia wenzake, kwa adabu kabisa.

Wameondoka. Asha kapika mpunga wangu. Hauna harufu, hauna ladha. Tumekula hivyo hivyo. Nimepewa urithi wa mama kwa kuwalisha ndege, na nimefurahi hata sahani sikuweza kuimaliza.