Mwandiko Mwembamba wa Kadi ya Masanja

Alhamisi. Hapa Kharumwa jua limekasirika, upepo hakuna, kuku wamehamia chini ya kitanda changu. Mimi mzima kabisa, ila kuna mtu Nyarugusu anaamini nakufa.

Ni hivi. Mjukuu wangu Milembe anaolewa Jumamosi. Baba yake hatunaye tena, kwa hiyo wa kumshika kichwa na kumbariki kabla hajatoka nyumbani ni mkubwa wa ukoo, kaka yangu Masanja. Asipokuja, bibi harusi hatoki. Na Masanja alishaapa kwamba kadi ya mashine haitambui. "Mnaalika watu kama mnatangaza mbolea! Ndugu anaandikiwa kwa mkono."

Mkono wangu uliishia darasa la nne. Nikiandika, herufi zinagombana.

Milembe ana kiduka cha steshenari. Akacheka. "Tulia, mume wangu." Akafungua kompyuta, akanionyesha fonti moja nyembamba, imelala ubavu kidogo, mikia imeshikana kama siafu njiani. Ungeapa mtu kaandika kwa kalamu. Anasema maharusi wanaipenda, na wauza keki, na wauza manukato. Maneno machache kwenye karatasi nyeupe, inapendeza. Ukijaza ukurasa mzima, macho yanachoka.

"Na kibao cha hatari kwenye mashimo ya wachimbaji?"

"Weee, babu! Mtu atasogea aisome, atumbukie."

Tukatoa kadi moja, ya Masanja peke yake, jina langu chini. Bodaboda akaipeleka.

Leo kapiga simu. Nimempa shikamoo, marahaba hakuna.

"Maganga, unaumwa nini?"

"Siumwi, kaka."

"Usinidanganye. Mwandiko nimeuona. Wewe ulikuwa unakandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Hizi herufi hazina damu. Mkono umekwisha, mdogo wangu. Kesho nakuja, na mbuzi wa supu nakuja naye."

Nikamshukuru kwa mbuzi.

Nikimwambia ni kompyuta, anageuza njia yeye na mbuzi wake, na mtoto anabaki ndani na shela lake.

Milembe kacheka mpaka machozi, kisha akaacha ghafla, akauliza kama ni dhambi. Sijui, mimi si katekista. Nimemwambia kosa ni lake, angechagua fonti nene, Masanja angenikuta na afya.

Ila jambo moja limenikaa. Nilidhani kaka yangu hanijali, kumbe anakumbuka nilivyokuwa nakandamiza kalamu.

Nitamwambia ukweli Jumamosi, akishaondoa mkono kichwani kwa mtoto. Hapana, tukishakunywa supu.

Kwa sasa ngoja nijifunze kukohoa.