Kwangu Hakuna Yatima

Mdogo wangu mpendwa,

Leo nimefua sare za wanao nikakukumbuka ukifua yako kule Karagwe, tulipokuwa watoto wa wakimbizi wenye sare moja moja. Ulikuwa unaivaa mbichi, ukisema itakaukia njiani. Ulinichekesha hata siku za njaa. Nani atanichekesha sasa?

Ulipozidiwa ulinishika mkono ukasema, "Dada, wasigawanywe." Kwa hiyo siku ya kuondoa matanga, hapa Gikondo, nilisimama mbele ya majirani, nikamkumbatia Manzi, nikamshika Keza mkono, nikasema kwangu hakuna yatima, hawa ni wangu. Ndivyo ada yetu inavyotaka, na nilisema kwa moyo wote.

Ng'ombe haelemewi na nunduye, wanasema. Mimi naelemewa, mdogo wangu. Cherehani inaniingizia chakula cha siku, na siku nyingine haiingizi kitu. Niliposikia kuna msaada kwa walezi wa yatima, nikaomba. Baada ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya mtaa, tulipomaliza kuzibua mitaro na kukaa mkutanoni, kiongozi wa mtaa akawauliza majirani kama ninastahili. Mama Claudine, anayenipenda kuliko wote, akasimama kunisifu.

"Huyu? Kwake yatima hakuna! Hawa watoto iko yake, alisema mbele yetu sisi wote."

Wakanipigia makofi. Nami, mjinga, nikainama kushukuru. Wakaendelea na jina la mwingine.

Sasa kaka wa marehemu mumeo ametuma habari kutoka Gahanga: nikishindwa, atamchukua Manzi akamchungie mbuzi, Keza abaki kwangu. Njia iliyobaki ni moja tu. Mkutano ujao nisimame mbele ya watu wale wale niyafute maneno yangu. Juzi nilikuwa nikijizoeza peke yangu, huku nakata kitambaa: "Hawa si wangu. Mama yao alikufa." Nilipogeuka, Keza alikuwa mlangoni na begi lake la shule.

Nikaweka mkasi chini. Naye hakulia wala kuuliza kitu. Lakini tangu siku hiyo, mdogo wangu, akitaka hata maji ya kunywa ananiomba ruhusa.

Pumzika huko uliko, kama mama anaweza kupumzika.

Dada yako