Lami ya Baba Mwende

Kitengela, Jumamosi, Mei 2008

Mvua imekatika tangu asubuhi lakini jua halijatoka. Sina nguvu ya kufanya kitu.

Leo mume wangu, Baba Mwende, ameanguka.

Tangu aumie mgongo kwenye kazi ya mjengo, miguu yake haifanyi kazi. Desemba iliyopita niliwekesha lami kutoka mlangoni hadi getini, ajisukume na kiti chake cha magurudumu bila kuita mtu. Kila asubuhi alienda peke yake. Jirani yetu Mmaasai akipita na ng'ombe anamsalimu "Sopa!" naye anajibu "Epa!" kwa ile sauti yake ya kabla ya ajali.

Halafu masika yakaja. Udongo mweusi wa huku hufura ukilowa na kupasuka ukikauka. Lami ikapanda, ikashuka, ikapasuka. Nimeziba nyufa mara tatu kwa lami ya mkebe. Zinafunguka tu.

Leo nilikuwa nyuma nikianika nguo. Sikumsikia akiita, kwa sababu hakuita. Nilimkuta chini, gurudumu la mbele limenaswa kwenye ufa, shavu lake kwenye matope.

Nilimwita Kariuki, fundi aliyeiweka lami. Akainama, akatia kidole kwenye ufa, kikaingia chote.

"Hii si ya kuziba tena, mama. Ni ya kung'oa yote."

Hakunilaumu. Angeweza.

Kwa sababu siku ya kuanza kazi aliniambia tuchimbe udongo mweusi wote, tujaze murram, ule udongo mwekundu wa changarawe, tushindilie, ndiyo tumwage lami. Wiki mbili zaidi. Nikakataa. Nilitaka mume wangu atoke nje kabla ya Krismasi. Sasa majirani wakisema fundi alifanya kazi mbaya, mimi nanyamaza.

Mchana nilishindwa kubeba siri hiyo.

"Baba Mwende, si makosa ya Kariuki. Ni mimi nilimharakisha."

Akageuza kiti kuelekea dirishani. "Najua. Nilikuwa nimekaa hapa hapa. Niliwasikia."

"Na hukusema kitu?"

"Hata mimi nilikuwa nataka kutoka."

Kisha akaniambia niache kuziba. Atakaa ndani, amezoea. Hajazoea. Najua uso wake akidanganya.

Nguvu ya kung'oa na kuanza upya sina, na yeye hataki tena kutumaini.

Kesho nikimwamsha na kumvalisha shati, nitamwambia anaenda wapi?