Siku Uliyobonyeza Mguu Wangu

Mwalimu, shikamoo.

Tangu tukuzike, filimbi yako naishika mimi. Kila Ijumaa vijana wanakaa kwenye nyasi, wanavua soksi, nami nawabonyeza muundi, ule mfupa wa mbele ya mguu, kwa kidole gumba huku nawauliza habari za nyumbani ili wasijiandae. Anayeshtuka kwa maumivu hakimbii. Sheria yako sijaigusa.

Jana ilikuwa zamu ya Skola, yule binti wa muuza mkaa wa Mfaranyaki uliyesema atatupita wote. Hakushtuka. Nikabonyeza tena kwa nguvu. Akanitazama usoni, "Niko fiti, dada." Alipoondoka nikamwona anashuka ngazi za uwanja kiubavu, kila ngazi akitanguliza mguu uleule. Nikaogopa, Mwalimu. Mwendo ule naujua, ulikuwa wangu.

Mimi nilimeza vidonge vya maumivu kabla ya kidole chako. Nikakwambia niko fiti. Kesho yake kwenye mteremko wa mlima Matogoro mfupa ukavunjika, nikausikia kwa masikio yangu. Miezi mingi ukanirudisha taratibu: kwanza kutembea tu, kisha dakika moja kukimbia na mbili kutembea, nami nimekununia njia nzima. Hukunigombeza hata mara moja. Nilidhani ni upole.

Sasa nimekaa mahali pako, na ninakumbuka kidole chako kilivyokawia kwenye mguu wangu. Ulinitazama. Halafu ukaandika jina langu kwenye orodha ya watakaokimbia.

Ulijua?

Nauliza kwa sababu mimi jana nilijua, na jina la Skola nimeliandika. Mbio ni kesho. Watu wa timu ya jeshi wanakuja kuchagua, na mama yake ameshamshonea begi la safari. Nilimwonea huruma. Huenda na wewe ulinionea huruma. Nimekukasirikia, Mwalimu, na bado nakulilia.

Nakuandikia nikiwa uwanjani, nikimngoja nimwambie asikimbie. Huwa anawahi kuliko wote. Wenzake wamefika sasa hivi, wanasema wamemwona anapanda Matogoro peke yake, eti anaujaribu mguu kwenye mteremko.

Naenda kumfuata. Lala salama, Mwalimu. Jina lake nimelifuta hapa hapa, na sitaliandika tena mpaka apone, hata akinichukia. Niombee nimkute amesimama.

Edita wako